Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Namna ya Kuiokoa Laptopu Iliyoachwa na Windows

Haya ni maandishi ya mada iliyowasilishwa kwa wakaazi, wakiwemo wenye saiba, walimu, wanafunzi na vikundi vya vijana, kuhusu kuchagua na kusakinisha mfumo wa pili katika kompyuta. Yamechapishwa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Siku hiyo hakuna kompyuta iliyozimika. Aliyeamka asubuhi ya tarehe 15 alibonyeza kitufe, mashine ikawaka, na faili zake akazikuta pale pale. Ndiyo maana watu wengi hawakuona badiliko lolote. Kilichobadilika ni kitu kisichoonekana kwa macho. Masasisho ya usalama, yaani yale marekebisho ya kila mwezi yanayoziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni hupitia, yalikoma. Nyumba bado imesimama, ila fundi wa kufuli harudi tena.

Jibu la haraka ni kuipandisha kompyuta hadi Windows 11. Lakini Windows 11 ina masharti. Inataka angalau RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha 8. Hapo ndipo wengi hukwama. Laptopu nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu nchini ni zile zilizotumika ng'ambo, ambazo wauzaji huziita ex-UK. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Ni mashine imara, kibodi yake nzuri, na ikiwekewa diski ya SSD inakwenda mbio. Hata hivyo, kwa Windows 11 imefungiwa mlango.

Mada ya leo inahusu mashine kama hiyo. Si mbovu, wala haijazeeka kiasi cha kutupwa.

Mama mwenye saiba sokoni

Ili jambo lieleweke, tuseme kuna mama mwenye saiba ndogo katika kituo cha soko. Ana laptopu 3 za aina hiyo, printa 1 na mashine ya kutoa kopi. Asubuhi anafungua, na wateja wanaanza kuingia. Kijana anataka kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Mzee anataka kuingia eCitizen. Mwalimu anataka kuwasilisha ritani ya KRA. Mwanafunzi anataka kuchapisha fomu.

Kufikia jioni, laptopu za mama huyo zimepitiwa na nakala za vitambulisho, nambari za PIN za KRA, vyeti vya kuzaliwa na nywila za watu ambao hata hawamjui kwa jina. Kirusi kikiingia humo, mwenye kupoteza si yeye peke yake. Ni mzee aliyeacha nakala ya kitambulisho chake, na ni kijana ambaye barua pepe yake ilibaki wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mama huyo ana wajibu huo hata kama saiba yake ina upana wa hatua nne.

Njia alizo nazo si nyingi. Ya kwanza ni kununua laptopu mpya, na hesabu ya laptopu 3 anaijua mwenyewe. Ya pili ni kujisajili katika mpango wa nyongeza ambao Microsoft imeuweka kwa watumiaji wa nyumbani, unaoendeleza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mpango huo unasaidia, lakini una mwisho. Ya tatu ni kumpa fundi ailazimishe Windows 11 iingie kwa ujanja. Itaingia, ila Microsoft haiahidi kuipa mashine kama hiyo masasisho, kwa hivyo anaweza kurudi palepale alipoanzia.

Njia ya nne ni kuweka mfumo wa pili kando ya Windows, bila kuifuta. Hii ndiyo wakaazi wengi hawajawahi kuelezwa.

Mfumo endeshi ni nini, na inawezekanaje viwe viwili

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza nyingine zote. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo. Mwingine ni Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumpa jirani bila malipo na bila kuvunja sheria. Wanaodhani ni kitu kigeni wakumbuke kwamba simu ya Android iliyo mfukoni inaendeshwa kwa kiini hicho hicho.

Linux huja kwa matoleo mengi, kila moja likiwa na sura na jina lake. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni lile lile neno la Kibantu ambalo Waswahili huliita utu. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na sura yake inafanana zaidi na Windows aliyoizoea mtu wa kawaida. Kuna kitufe cha menyu pembeni chini, programu zimepangwa kwa mafungu, na saa iko kona ya kulia.

Mifumo miwili inakaa katika diski moja kama wapangaji wawili wanaotumia lango moja, kila mmoja na chumba chake. Diski hugawanywa, Windows ikabaki katika sehemu yake na Linux ikakaa katika yake. Kompyuta ikiwashwa, menyu fupi hutokea na kuuliza, leo aingie nani? Mwenye kompyuta huchagua kwa kishale na kubonyeza Enter. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa pamoja. Akitaka kuhama kutoka mmoja hadi mwingine, huzima na kuwasha upya.

Kwa nini Windows isifutwe tu

Vijana wengine wakishaionja Linux husema Windows ifutwe kabisa. Kwa baadhi ya watu ushauri huo ni sawa. Kwa mama mwenye saiba, utamletea hasara.

Sababu ni ritani za KRA. Ritani ya sifuri hujazwa moja kwa moja mtandaoni, na kivinjari chochote kinaweza. Lakini kuna ritani ambazo hujazwa katika fomu ya Excel inayopakuliwa kutoka iTax. Fomu hiyo ina makro, yaani amri ndogo zilizofichwa ndani yake zinazokagua hesabu na mwishowe kutengeneza faili ya zipu ya kupandishwa mtandaoni. Makro hizo zimeandikwa kwa ajili ya Excel ya Microsoft, na Excel hiyo haisakinishwi kwenye Linux kwa njia ya kawaida. LibreOffice, programu ya afisi inayokuja na Linux, hufungua na kuhifadhi barua na hesabu za kawaida bila taabu, lakini makro za Excel zinaweza kuikwamisha. Mama huyo akifuta Windows mwezi Mei, tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za watu binafsi, atakuwa akiwarudisha wateja mlangoni.

Dawa ni kugawa kazi. Linux ishike mambo ya mtandao, yaani eCitizen, barua pepe, kupakua na kupandisha. Windows ibakie na yale machache yasiyofanyika kwingine, na ikifanya hivyo ikae bila intaneti. Fomu ya Excel inapakuliwa kwa Linux. Kisha kompyuta inawashwa upya, inaingia Windows huku Wi-Fi imezimwa, na fomu inajazwa na kukaguliwa. Faili ya zipu ikishatoka, anarudi Linux na kuipandisha iTax. Windows iliyoachwa bila masasisho haigusi mtandao, na wezi wa mtandaoni hawapati njia ya kuifikia kwa urahisi. Hata hivyo ni vyema ajisajili katika mpango wa nyongeza wakati ungalipo, na asichomeke flashi za wateja humo kiholela, kwa maana virusi husafiri kwa flashi pia.

Maswali matatu ya kuchagua

Kabla ya kuchagua toleo la Linux, mwenye kompyuta ajiulize maswali matatu.

La kwanza, kompyuta inafanya kazi gani? Aandike orodha ya kila programu anayotumia kwa wiki nzima. Kivinjari, kuandika barua, kutazama video na kuchapisha yako katika toleo lolote. Kama kuna programu ya hesabu za biashara iliyonunuliwa kwa ajili ya Windows, iwekewe alama, kwa kuwa itabaki upande wa Windows. Orodha ikijaa alama, pengine mfumo wa pili hautamfaa, na ni afadhali ajue mapema.

La pili, mashine ina nguvu kiasi gani? Linux Mint inahitaji angalau RAM ya GB 2, na watengenezaji wake wanapendekeza GB 4. Kwa diski wanataka GB 20 kwa uchache, na wanapendekeza GB 100. Ubuntu 24.04 inapendekezewa RAM ya GB 4 na diski ya GB 25. Mwenye RAM ya GB 8 achague anachopenda. Mwenye GB 4 achukue Mint. Akiona inavuta miguu, kuna Mint yenye sura nyepesi iitwayo Xfce. Na kwa mashine yoyote ambayo bado ina diski ya zamani inayozunguka, kuibadilisha na SSD kutaleta kasi kuliko mfumo wowote utakaochaguliwa.

La tatu, toleo hilo litahudumiwa hadi lini? Hapa ndipo wengi hukosea, wakachukua toleo jipya kabisa wakidhani ndilo bora. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hulipa masasisho kwa miaka 5. Nambari yenyewe inajieleza, kwani 24.04 maana yake ni mwaka 2024, mwezi wa 4. Toleo hilo linahudumiwa hadi 2029, na Mint 22 iliyojengwa juu yake vivyo hivyo. Yale matoleo yanayotoka katikati huhudumiwa kwa miezi 9 tu. Aliyeachwa na Windows 10 hana sababu ya kukimbilia mfumo utakaomwacha kabla ya mwaka kwisha.

Kuna pia ChromeOS Flex ya Google, nayo ni ya bure na nyepesi. Lakini inafuta diski nzima na haikubali kukaa na Windows, hivyo kwa shabaha ya mada hii haifai.

Kwa mama mwenye saiba, jibu ni Linux Mint 22. Wateja wake wamezoea sura ya Windows, na hana muda wa kumfundisha kila anayeketi.

Matayarisho: hapa ndipo penye hatari

Ndugu wakaazi, katika kazi hii yote kuna hatua moja tu inayoweza kumliza mtu, nayo ni kugawanya diski. Likitokea kosa hapo, picha za harusi, vitabu vya hesabu na kazi za wateja zinaweza kupotea. Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, mwenye kompyuta anakili faili zake zote muhimu kwenye diski ya nje. Akishanakili, aichomeke diski hiyo katika kompyuta nyingine na kufungua faili kadhaa ahakikishe zinafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa isihesabiwe kuwa nakala. Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema.

Jambo la pili ni BitLocker. Baadhi ya kompyuta za Windows zimefungwa diski yake kwa usimbaji huo bila mwenyewe kujua. Kisakinishi cha Linux kikiikuta diski ya namna hiyo, hakitaweza kuigawanya. Na mipangilio ya kuwashia ikiguswa, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Mwenye kompyuta aangalie mipangilio ya Windows. Ikiwa BitLocker imewashwa, auhifadhi ufunguo huo kwenye karatasi, kisha aizime na kusubiri diski imalize kufunguliwa.

Jambo la tatu ni kuzima kile ambacho Windows hukiita Fast Startup, kilicho katika mipangilio ya umeme. Kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki kikamilifu. Inalala nusu huku ikiishikilia diski, na Linux ikija haiwezi kuandika humo kwa usalama. Mama yetu wa saiba anahitaji Linux ifikie sehemu ya Windows ili aichukue ile faili ya zipu, kwa hivyo hatua hii asiiruke.

Jambo la nne ni kutenga nafasi. Windows yenyewe ina chombo cha kusimamia diski, kiitwacho Disk Management. Humo huchagua sehemu kubwa iliyoandikwa C na kuipunguza. Kwa diski ya GB 256, kupunguza GB 80 kunatosha. Nafasi hiyo iachwe tupu, bila kupewa jina wala herufi. Ni salama zaidi Windows ipunguze sehemu yake yenyewe kuliko kuachia mfumo mwingine kazi hiyo.

Mwisho, betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Stima ikipotea katikati ya kugawanya diski, laptopu yenye betri nzima itaendelea. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isianzishiwe kazi hii siku ya mawingu na radi.

Kutayarisha flashi na kuonja kwanza

Faili ya Linux Mint ina ukubwa wa karibu GB 3, na ile ya Ubuntu 24.04 karibu GB 6. Hiyo ni bando si haba, basi ni busara kuipakua mahali penye Wi-Fi ya bei nafuu, au kikundi kichange na kupakua mara moja. Kunakiliana kunaruhusiwa kisheria, na flashi moja inaweza kuhudumia kijiji kizima.

Faili ipakuliwe kutoka tovuti rasmi ya toleo husika, si kwa kiungo kilichotumwa WhatsApp. Mnamo Februari 2016 wadukuzi waliingia katika tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuelekeza watu kwenye faili yenye mtego. Tangu hapo somo ni moja. Kila faili rasmi huwa na namba ndefu ya uthibitisho iitwayo SHA256, na mwenye kupakua hulinganisha namba ya faili yake na ile iliyochapishwa. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hiyo itupwe.

Kisha inahitajika flashi ya GB 8 au zaidi. Programu ya bure iitwayo Rufus, inayotumika ndani ya Windows, huiandika faili hiyo kwenye flashi. Ikumbukwe kuwa itafuta kila kitu kilichokuwa kwenye flashi.

Kompyuta huzimwa, flashi ikachomekwa, na wakati wa kuwasha hubonyezwa kitufe cha kuchagua pa kuwashia. Kwa HP ni F9, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Flashi ikitokea mara mbili katika orodha, ichaguliwe ile iliyotajwa UEFI, mradi Windows yenyewe iliwekwa kwa njia hiyo. Hakuna haja ya kuzima Secure Boot, kwani Ubuntu na Mint zinakubaliana nayo.

Hapo Linux itafunguka ikiwa ndani ya flashi, bila kugusa diski. Kompyuta bado ni ile ile, na flashi ikitolewa Windows itarudi kama ilivyokuwa. Huu ndio wakati wa kuonja. Je, Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Kamera inafanya kazi? Printa ya saiba inachapisha ukurasa? Printa nyingi za HP hukubali mara moja, lakini zipo za kampuni nyingine zinazohitaji programu yao, na zipo kadi za Wi-Fi zinazosumbua. Mwenye kompyuta akae humo saa nzima, afungue eCitizen, aandike barua, achapishe. Kikikataliwa kitu, amekijua kabla ya kubadili chochote. Mwenye haraka hulijua hilo akiwa na mteja mbele yake.

Kusakinisha

Akiridhika, abonyeze alama ya kusakinisha iliyo kwenye skrini. Kisakinishi kitauliza lugha, aina ya kibodi, kisha swali kuu, yaani mahali pa kuweka mfumo. Maneno hayo huja kwa Kiingereza, na ni lazima yasomwe mara mbili. Yanayoanza na "Install alongside", au yenye neno "alongside" baada ya jina la mfumo, maana yake ni kuweka kando ya Windows. Hayo ndiyo yanayotakiwa. Yanayoanza na "Erase disk" maana yake ni kufuta diski yote, na wengi waliopoteza kila kitu walipotelea hapo.

Ikiwa chaguo la kuweka kando ya Windows halionekani kabisa, asibahatishe. Atoke, arudi Windows, akague tena BitLocker na ile nafasi iliyotengwa. Mara nyingi kisa kiko hapo, au flashi iliwashwa kwa njia tofauti na ile ya Windows.

Baada ya hapo atachagua eneo la saa, yaani Nairobi, jina lake na nywila. Kwa kompyuta yenye SSD kazi humalizika kabla ya chai kupoa mara ya pili.

Siku za mwanzo

Kompyuta ikiwashwa tena, menyu iitwayo GRUB itaorodhesha Linux na Windows. Ikiwa imeruka moja kwa moja hadi Windows, si kwamba Linux haikuingia. Ni mpangilio wa kuwashia ndani ya kompyuta, na hubadilishwa kwa kuitanguliza Linux katika orodha.

Jambo moja huwashangaza wengi. Wakirudi Windows, saa inaweza kuwa nyuma kwa masaa 3. Sababu ni kwamba Linux huiweka saa ya mashine katika saa za dunia, na Kenya iko mbele ya saa hizo kwa masaa 3. Windows nayo husoma saa hiyo hiyo kama ya hapa nyumbani. Suluhisho ni kuandika amri moja katika dirisha la amri la Linux: sudo timedatectl set-local-rtc 1. Kwa saiba inayochapisha risiti zenye saa, jambo hilo si dogo.

Kuhusu faili, Linux inaona sehemu ya Windows na kuzifungua nyaraka zilizomo, lakini Windows haioni sehemu ya Linux. Basi faili zinazohitajika pande zote mbili ziwekwe upande wa Windows. Barua za wateja zinazoandikwa kwa LibreOffice zihifadhiwe kwa mtindo wa Word ili zifunguke popote, na CV itolewe kama PDF ili mistari isihame.

Masasisho nayo yasipuuzwe. Ngao ndogo itatokea kwenye kona ya skrini ikiwa na alama ya taarifa. Anayeiweka Linux kisha akaacha kuisasisha amerudi kwenye tatizo lile lile la Windows 10.

Na siku akitaka kuiondoa Linux, asianze kwa kufuta sehemu yake. Aanze kwa kuirudisha Windows iwe ya kwanza katika mpangilio wa kuwashia, ahakikishe inawaka yenyewe, ndipo afute. Akigeuza mpangilio huo, kompyuta itawaka na kusimama kwenye skrini nyeusi, na itambidi atafute fundi.

Hitimisho

Mfumo wa pili hauigeuzi laptopu ya kizazi cha 6 kuwa mpya. Betri iliyochoka itabaki imechoka, na printa isiyokubali Linux haitalazimishwa. Unachofanya ni kuipa mashine nzima, ambayo bado inalipa karo na kodi ya chumba, miaka mingine ya kufanya kazi ikiwa na kufuli inayokarabatiwa kila mara.

Mama mwenye saiba asizianze laptopu zake zote 3 siku moja. Achague moja, tena si katika wiki ya mwisho ya Juni. Anakili faili, aonje kwa flashi, asakinishe, aitumie mwezi mzima. Ile moja ikimridhisha, nyingine mbili zitafuata kwa nusu ya muda. Na yule mzee atakayeacha kitambulisho chake juu ya meza hatajua kilichobadilika ndani ya kompyuta, wala hana haja ya kujua. Mwenye saiba akijua inatosha.